Mume Muscat, mke Tanga: namna tunavyoyamaliza mambo ya nyumba kwa simu

Kwanza patanisheni saa. Muscat wametutangulia saa moja: kwangu ikigonga saa tatu usiku, kwa mume wangu ni saa nne, na alfajiri ana basi la kumpeleka saiti. Usimfungulie jambo zito saa hiyo. Sisi tumelitengea Ijumaa baada ya sala, kwa kuwa Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Kuna pia miezi ya joto, Juni hadi Agosti, ambapo sheria ya huko inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu. Wake wengi huona huo ndio wakati wa kupiga. Mimi nasema mwacheni alale.

La pili, mpelekee mwenzako jambo analoweza kulifikiria. Masika iliyopita karo letu la majitaka lilianza kurudisha maji chooni, na fundi akasisitiza tuchimbe jingine. Ningemwambia mume wangu "karo limeharibika, tuma hela," angebaki na wasiwasi tu. Nikafungua mfuniko nikapiga picha. Nikateremsha kamba yenye mafundo, asubuhi na jioni, nione maji yamefika fundo la ngapi, na pembeni nikaandika siku zilizonyesha. Ijumaa tukakaa na hesabu hiyo. Akauliza swali moja: je, hupanda hata siku ambayo hamkufua? Nikaangalia daftari. Yalipanda kila siku ya mvua, tufue tusifue. Kumbe gata ya paa ilikuwa inamwaga pale pale kwenye mfuniko. Tukaita gari la majitaka livute, tukageuza gata, tukainua mdomo wa karo kwa tofali na plasta. Shimo jipya halikuchimbwa.

Kwenye hela, wekeni kiwango ambacho aliye nyumbani anatoa bila kuuliza. Anayepigiwa simu kwa kila mfuko wa saruji huchoka, na anayeomba kila mara hujiona kibarua kwenye nyumba yake. Risiti nazipiga picha natuma, niulizwe nisiulizwe. Naye mshahara ukichelewa anasema siku ile ile. Hili la pili naliona kubwa kuliko risiti zote, maana kimya cha mtu aliye mbali hujazwa na maneno ya majirani.

Mkigombana, msiandikiane. Maandishi hayana sauti, "sawa" ya kukubali na "sawa" ya kununa zinafanana. Pigianeni. Simu ikikatika katikati ya maneno, aliyepiga ndiye apige tena, hata kama anaona ameonewa yeye. Hiyo tumekubaliana tangu mwanzo, na imetuokoa usiku mwingi wa kuviziana nani ataanza. Mama mkwe na mawifi wasisikie mpaka nyinyi wawili mmeshaafikiana cha kuwaambia.

Kabla ya kuagana, kila mmoja ataje kwa kinywa chake alichokubali kufanya na siku ya kukimaliza. Akiona hataweza, atume ujumbe kabla siku hiyo haijafika, asisubiri kuulizwa.