LUKU moja, vyumba vitano: namna ya kuchangia umeme bila kununiana

Nyumba tunayopanga Mbagala, Dar es Salaam, ina vyumba vitano na LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Kaka wa chumba cha uani ana friji la kugandishia barafu za kuuza. Bibi wa chumba cha mbele ana taa na redio tu. Tukichanga sawasawa, bibi anamlipia kaka. Tukimwambia kaka azime friji, tunamkatia riziki.

Kikao msikiweke siku umeme umeisha. Siku hiyo kila mtu ana hasira, na asiyekuwepo ndiye anayesingiziwa. Ngojeni Jumapili, uniti zikiwepo.

Acheni kubishana nani anamaliza umeme, pimeni. Kifaa kwa kawaida kimeandikwa wati zake, nyuma au chini. Zidisha wati kwa saa kinazotumika kwa siku, kisha kwa 30, gawanya kwa 1,000: hizo ndizo uniti za mwezi. Taa ya wati 10 kwa saa 6 ni uniti 1.8. Feni ya wati 60 kwa saa 8 ni 14.4. Pasi ya wati 1,000, nusu saa tu kila asubuhi, inaweza kufika 15. Yaani pasi inaweza kulingana na feni ya usiku kucha!

Friji msilipigie saa 24, maana mota yake huwaka na kujizima. Usiku mmoja kila mtu achomoe vyake, libaki friji peke yake. Someni uniti saa 4 usiku, someni tena saa 12 asubuhi, tofauti mzidishe kwa tatu mpate uniti za siku nzima, kisha kwa 30 mpate za mwezi. Ongezeni kidogo kwa joto la mchana na mlango kufunguliwa kila mara. Mwenye friji awepo mnaposoma, tafadhali sana. Hesabu aliyoiona kwa macho yake hawezi kuikataa.

Kila chumba kilipie uniti zake; taa ya nje na pampu ya maji gawaneni sawa.

Kabla ya kukubaliana, kila mmoja ajiulize: ningekuwa mimi chumba kile, ningelipa hii? Kisha muulizeni anayelipa zaidi kinachomwelemea ni nini hasa. Kaka wetu hakupinga kiasi. Aliomba alipe kila wiki, kwa kuwa hela ya barafu huingia kidogo kidogo. Tukamkubalia, wala hakuna aliyepungukiwa.

Bandikeni hesabu karibu na mita. Mtu akinunua jiko la umeme, au mgeni akikaa zaidi ya wiki, pigeni upya. Asiyeridhika kabisa amwite fundi amfungie mita ndogo ya chumba chake, kwa gharama yake, muisome pamoja kila Jumamosi.