Jinsi ya kumuangalia Ahmed El-Ahmar mpaka uelewe kwa nini Wamisri wanampenda hivi

Zamalek na Al Ahly wengi tunazijua kwa soka tu, ila Cairo ule utani wa jadi upo mpaka kwenye handiboli, yaani mpira wa mikono, na ni moto kama Simba na Yanga. Ndani ya Zamalek ndo ametamba kwenye handiboli huyu Ahmed El-Ahmar, jamaa wa 1984, mashoto, aliyekuwa nahodha wa Misri kwa muda mrefu.

Usianze na klipu za magoli. Klipu inakuonesha mpira ukiingia wavuni, kazi yenyewe imeshakatwa.

Tafuta mechi nzima ya Misri na Denmark, robo fainali ya Kombe la Dunia, 27 Januari 2021, palepale Misri, ukumbi mtupu hakuna shabiki sababu ya korona. Dakika 60 zinaisha 28-28, wanaongezewa muda, sare, wanaongezewa tena, 35-35, ndo Denmark wanapita kwa penati 39-38 na baadaye wakabeba kombe lenyewe. Mechi tamu kuliko fainali nyingi, mi nasema hivyo bila kuogopa.

Sasa ukiiangalia, achana na mpira, mkazie macho yeye, anasimama kulia mwa shambulizi. Anakaa pale kwa sababu mkono wake wa kutupia unabaki upande wa katikati, goli lote analiona, mtu wa mkono wa kulia akisimama hapo kona inambana. Halafu kumbuka sheria, ukishika mpira ni hatua tatu na sekunde tatu basi, kwa hiyo maamuzi lazima ayafanye kabla hajapokea, anakuja na spidi yake tayari. Hapo muangalie beki anayemkaba. Beki akitoka mbele kumfuata, nyuma yake kwenye mstari wa mita 6 mbele ya goli panabaki uwazi na pivoti, yule mwenzake anayesubiri palepale mstarini, anaomba pasi, beki akibaki nyuma jamaa anaruka anaachia shuti. Rudisha nyuma uangalie tena, mara ya pili ndo utaona miguu ilivyomdanganya beki.

Ukimaliza hiyo nenda Olimpiki ya Tokyo mwaka huohuo. Misri wakampiga Ujerumani 31-26 wakawa timu ya kwanza ya wanaume kutoka Afrika kufika nusu fainali ya handiboli Olimpiki, wakaishia nafasi ya nne. El-Ahmar alikuwepo, umri 37!

Baada ya hapo mfuatilie Yahia Omar, naye mashoto, nafasi ileile, aliyetoka Zamalek akaenda Veszprém kule Hungary, utaona njia iliyofunguliwa.

Na wewe unayefundisha watoto handiboli shuleni, tafadhali, ukimkuta mashoto usimlazimishe arushe kwa mkono wa kulia. Mpeleke upande wa kulia wa uwanja, mfundishe kupokea akiwa anakimbia, na muache aruke.