Somo: Uji wa mtoto wa miezi 6, bila unga wa vitu kumi na viwili

Wazazi wenzangu, habari za majukumu. Niliahidi somo la uji nikalichelewesha, mniwie radhi, mdogo alikuwa anaota meno.

Kwanza nikiri. Nimeuza unga wa lishe hapa Tabata miaka minne. Unga wangu ulikuwa na vitu kumi na viwili: ulezi, mtama, uwele, mahindi, mchele, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, dagaa, na muhogo kidogo wa kuongeza uzito wa mfuko (Mungu anisamehe). Wateja walikuwa wanahesabu vitu kwanza, bei baadaye. Jirani yangu wa mtaa wa pili alipofikisha kumi na vinne, nikaona kanipiga bao.

Unga huohuo ndio niliomlisha mwanangu wa kwanza. Alipofika miezi tisa, mstari wa uzito kwenye kadi yake ya kliniki ulikuwa umelala kwa miezi miwili. Nikajitetea kwa muuguzi kwamba mtoto anakula lishe kamili, vitu kumi na viwili. Akaomba aone. Nilikuwa na chupa ya uji kwenye mkoba, nikampa. Akaufungua, akaumimina kidogo kwenye kifuniko, akakiinamisha. Uji ukakimbia kama chai ya maziwa. Akasema, "Mama, huyu anakunywa maji ya ulezi."

Niliona aibu, lakini alikuwa sahihi. Nilikuwa natia vijiko viwili vya unga kwenye lita ya maji ili upite vizuri kwenye chuchu ya chupa. Vitu kumi na viwili ukivigawa kwenye maji yale, kila kimoja kinabaki jina tu. Na tumbo la mtoto wa umri ule linajaa kwa kikombe kimoja cha chai, basi. Ukilijaza maji, limeshajaa.

Haya, tuanze.

Hatua ya 1: Subiri miezi 6 itimie

Kabla ya hapo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Mtoto aliye tayari anakaa ukimshikilia kidogo, shingo imekaza, na anafuatilia kijiko chako kwa macho. Na kunyonya kunaendelea mpaka miaka 2 au zaidi. Uji haujaja kuyafukuza maziwa. Akitimiza miezi 6 ulizia pia matone ya vitamini A pale kliniki.

Hatua ya 2: Chagua nafaka moja, mbili zikizidi

Mimi natumia ulezi mtupu, au vikombe vitatu vya ulezi na kimoja cha mchele. Karanga, dagaa na soya sivitii kwenye unga, navitia sufuriani siku ya kupika. Sababu ninazo mbili. Karanga na soya zina mafuta, unga unachacha haraka, na mtoto hawezi kukwambia kwamba leo uji unanuka ndoo. Halafu siku mtoto atakapotoka vipele au kuvimba mdomo, kwenye vitu kumi na viwili utamshika nani? Kipya kinaingia kimoja kimoja, unakiangalia siku mbili tatu, ndipo unaleta kingine.

Hatua ya 3: Pepeta, pembua, osha, anika

Hapa usikimbie. Ulezi wa sokoni una vijiwe vidogo vyenye rangi ileile ya ulezi. Upepete kwenye ungo, kisha uoshe kwa kuuelea: mimina maji, koroga kwa mkono, mwaga ulezi na maji kwenye chombo cha pili taratibu huku vijiwe vikibaki chini. Rudia mara nne au tano mpaka chombo cha kwanza kisilie "cha cha cha". Anika juu ya turubai safi mpaka punje ikikatwa kwa jino iseme "ta".

Mahindi na karanga zina jambo zito zaidi: sumukuvu. Hiyo ni sumu ya ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo mwaga karanga juu ya kitambaa kwenye mwanga, ondoa iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyoota ukungu, iliyovunjika. Usiseme "hii nitampa kuku" maana na yeye utamla.

Hatua ya 4: Mashineni

Nenda asubuhi, mashine haijasaga mambo mengi. Ombeni wafagie kinywa cha mashine, na kile kiganja cha kwanza cha unga kinachotoka usikichukue, ni cha mteja aliyetangulia. Saga kiasi cha mwezi mmoja, hifadhi kwenye ndoo kavu yenye mfuniko.

Hatua ya 5: Kupika

Nusu lita ya maji, vijiko vitano vya chakula vya unga, vilivyojaa. Koroga unga kwanza kwenye maji ya baridi kikombe kimoja mpaka mabonge yaishe, kisha mimina kwenye maji yanayokaribia kuchemka huku unakoroga bila kuachia. Ukishachemka punguza moto, acha utokote dakika 15 hadi 20. Uji wa ulezi ulioiva unabadilika harufu, ile ya vumbi inaondoka, na rangi inakolea.

Kipimo: chota kijiko, kigeuze. Uji ukimwagika wote kwa mkupuo, ongeza unga uliokorogwa. Unatakiwa ung'ang'anie kijiko kidogo kabla ya kudondoka.

Sukari sitii. Chumvi sitii. Asali mpaka atimize mwaka mmoja, hata kama bibi kaileta mwenyewe kutoka Tabora. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga halivimudu.

Hatua ya 6: Kutia nguvu

Chagua kimojawapo, kesho kingine: kijiko cha karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, au kijiko cha unga wa dagaa (ondoa vichwa na matumbo, osha mchanga wote kwa maji ya moto, anika, kaanga bila mafuta, saga, chekecha), au yai moja lililopigwa, unalimimina uji ukiwa unachemka na kukoroga haraka, au tui zito la nazi. Karanga nzima nzima asipewe, zinapalia.

Hatua ya 7: Kimea, kwa wanaotaka kwenda mbali

Hiki ndicho nakipenda kuliko vyote, na bibi zetu walikijua kwa ajili ya pombe. Loweka kikombe cha ulezi usiku kucha, mwaga maji, ufunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu siku mbili, ukinyunyizia asubuhi na jioni. Ukitoa vimizizi vyeupe, uanike ukauke kabisa, usugue vimizizi vitoke, usage. Ukiota ukungu tupa wote.

Sasa pika uji mzito kabisa, karibu na ugali. Uepue, uache upoe mpaka mvuke upungue. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga. Ndani ya dakika chache unalegea mbele ya macho yako bila tone la maji! Mara ya kwanza nilidhani nimeuharibu. Nafaka inapoota hutengeneza kimeng'enya kinachoukata wanga, na wanga ndio ulioshika maji. Ukikitia uji ukiwa unachemka, moto unakiua, hakuna kitakachotokea. Ukishalegea urudishe jikoni uchemke tena kidogo kwa usalama. Hapo mtoto anakula unga mwingi kwa ulaini uleule. Wataalamu wa lishe walikuwa wanakifundisha vijijini hapa nchini tangu miaka ya 1980, sijui sisi wa mjini tulipotelea wapi.

Hatua ya 8: Kulisha

Bakuli lake, kijiko chake. Chupa tumeagana. Anza na vijiko viwili vitatu mara mbili kwa siku. Miezi 6 mpaka 8 anapanda hadi nusu kikombe, mara 2 au 3. Miezi 9 mpaka 11 mara 3 au 4. Akigeuza uso, mwache. Mimi nililelewa na bibi aliyekuwa anatulaza mapajani, anaziba pua kwa vidole, kiganja kinakuwa bakuli, uji unaingia utake usitake. Nimepona, lakini mpaka leo sipendi uji.

Na uji usiwe mwisho wa safari. Kuanzia miezi 7 mpondee ndizi, viazi, maharage yaliyoiva, mchicha, samaki, maini ya kuku.

MASWALI

Mama wa kwanza, Mbagala: Dada shikamoo. Mwanangu ana miezi minne, usiku analia sana. Mama mkwe anasema hashibi, nimwanzishie uji mwepesi. Nifanyeje bila kugombana?

Marahaba mdogo wangu. Uji mwepesi hautamshibisha kuliko maziwa yako, utamletea kuharisha tu. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, usiku hasa. Kwa mama mkwe, usibishane jikoni. Siku ya kliniki mwombe akusindikize, akayasikie kwa muuguzi. Mimi wangu alirudi akiwa ndiye anayewakataza mawifi.

Mzazi, Mombasa: Asante kwa somo. Huo ulezi ni upi? Huku kwetu twauza wimbi.

Ndio huohuo. Wimbi lenu ndilo ulezi wetu.

Baba wa mapacha, Morogoro: Mke wangu anatoka saa kumi na moja alfajiri. Dada wa kazi anapika uji wa siku nzima, anautia kwenye chupa ya chai, anawapa mpaka jioni. Kuna ubaya?

Upo, kaka yangu. Uji wa uvuguvugu kwenye chupa ni nyumba ya vijidudu, zaidi ukiwa na maziwa au karanga. Kilichopikwa kiliwe ndani ya saa mbili. Mpimie huyo binti unga kwenye vikopo vitatu kila asubuhi, kikopo kimoja mlo mmoja, asiwe na sababu ya kupika mara moja. Na mkalishe umwoneshe kunawa mikono kwa sabuni, yake na ya watoto. Wengi tunawalaumu hatujawahi kuwafundisha.

Mama J, Dodoma: Nilitia soya, mtoto akaharisha siku mbili. Soya ni mbaya?

Uliisaga mbichi, au uliikaanga kijuujuu? Soya mbichi ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe. Itie kwenye maji yanayochemka dakika 20 mpaka 30, imenye, anika, kaanga, ndipo usage. Ila kwanza mwache apone. Akiharisha endelea kumnyonyesha na kumlisha, mpe ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji), na ulizia vidonge vya zinki kituo cha afya. Macho yakizama, akikosa nguvu ya kunyonya, au ukiona damu, usisubiri kesho.

Mama wa miezi saba, Tanga: Tangu aanze ulezi choo kimekuwa kigumu, analia akikaa.

Mpe maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko kadhaa baada ya uji. Papai bivu lililopondwa au parachichi kila siku. Na nyonyesha. Ikipita siku kadhaa bila nafuu, mpeleke.

Mzazi, Maskati: Huku dagaa wa kwetu siwapati.

Chemsha adesi mpaka zipondeke, au samaki yeyote mliyemkaanga nyumbani kabla hajatiwa bizari, toa miba kwa vidole (si kwa macho), ponda. Kisha kipande cha limau au chungwa kando kinasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai asipewe, inazuia.

Muuzaji mwenzako, Kinondoni: Dada unatuharibia biashara. Mbona na wewe bado unauza?

Nauza, ndiyo. Mfuko wa ulezi mtupu, mfuko wa kimea, na kopo la karanga zilizosagwa siku hiyohiyo. Mwezi wa kwanza wateja nusu waliniacha, wakasema nimefilisika. Nilichofanya, niliweka sufuria mbili mezani, moja ya uji wangu wa zamani, nyingine wa kimea, na vijiko viwili. Mtu akija nampa ageuze mwenyewe.

Mama wa watatu, Ukonga: Huyo baba yao ndiye anamaliza uji wa mtoto. Nikipika wa karanga sufuria haifiki saa nne. Kuna dawa?

Shoga, wangu pia. Pika wa mtoto kwenye sufuria ndogo ile ya kuchemshia mayai, na wake mtilie pilipili manga na ndimu. Mtoto akionja mara moja akakataa, ujue umekosea sufuria.