Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutazama Nyota Pacha kwa Darubini Ndogo

Nyota pacha, yaani nyota mbili zinazoonekana kama moja kwa macho matupu, hazidai giza nene. Mwezi mpevu na taa za mji, vitu vinavyoharibu kabisa utazamaji wa nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani), hapa havina madhara makubwa. Kinachodaiwa ni utulivu wa hewa. Inua macho kwanza: kama hata nyota za utosini zinametameta kwa kasi, achana na jozi zilizobanana, tazama zilizoachana. Usiku usio na upepo, hata wenye utandu mwepesi, mara nyingi hufaa kuliko ule unaong'aa baada ya upepo mkali.

Kisha piga hesabu. Gawa 116 kwa kipenyo cha lenzi kuu au kioo kwa milimita, upate umbali mdogo kabisa ambao darubini inaweza kutenganisha, kwa sekunde za tao (3600 ni digrii moja). Milimita 60 inatoa 1.9, milimita 100, 1.2. Ila kanuni hii ni ya nyota zenye mwanga unaokaribiana. Mwenzake Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku, yuko mbali vya kutosha, lakini ni hafifu kwa maelfu ya mara na humezwa na mng'ao wa Sirius, usianzie hapo. Anza na Albireo, sekunde kama 35, ukuzaji wa mara 30 unatosha, na rangi zake, dhahabu na samawati, ni za kupendeza kweli. Fuata Mizar, sekunde 14, kisha Acrux katika kundinyota la Salibu, sekunde 4, kwa ukuzaji wa mara 100 hivi. Angalia pia mwaka wa orodha unayotumia: nyota mbili za Alpha Centauri huzungukana kwa miaka 80 hivi, kwa hiyo vipimo vya zamani hupotosha.

Ukuzaji ni urefu wa fokasi ya darubini ugawanywe kwa ule wa lenzi ya jicho (ile unayochungulia): 900 kwa 9 ni mara 100. Ukuzaji usipite mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Ukipita hapo unakuza ukungu tu.

Toa darubini nje mapema, nusu saa kwa ya lenzi, saa nzima kwa ya kioo kinene. Kioo chenye joto hupasha hewa ndani ya bomba, na nyota huota mkia unaocheza. Simama kwenye nyasi, si kwenye sakafu ya saruji iliyochomwa na jua mchana kutwa, wala usitazamie dirishani.

Ikishapoa, weka nyota angavu katikati kwa ukuzaji mkubwa, kisha sogeza fokasi kidogo. Pete zitakazotokea ziwe na kitovu kimoja. Zikiegemea upande mmoja, vioo havijalingana. Rekebisha skrubu za kioo kidogokidogo, la sivyo nyota itachanua upande mmoja na kumfunika mwenzake.

Miguu mitatu ya darubini usiirefushe yote. Gonga bomba kidogo: mtikisiko ukizidi sekunde tatu, ifupishe zaidi.

Andaa karatasi, penseli na taa nyekundu hafifu. Pembe ya jozi, yaani upande aliko mwenzake nyota kuu, hupimwa kuanzia kaskazini kupitia mashariki, na kioo cha pembeni (kinachopindisha mwanga kabla ya lenzi ya jicho) hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo usikisie: acha darubini bila kuigusa, nyota isogee yenyewe. Upande ambako nyota inatoka nje ya duara unaloliona ndio magharibi.