Figo mpya inaweza kuchelewa kuanza kazi, haya yawekeni sawa kabla ya upasuaji

Kaka yangu alipopandikizwa figo, siku ya tatu wakamrudisha kwenye mashine ya dialisisi, ile ya kusafisha damu, na sisi nyumbani tukalia kabisa tukijua basi imekufa, kumbe hakuna aliyetuambia mapema kwamba figo inaweza kuchelewa na bado ikawa nzima. Ndo maana naandika, haya yajulikane mapema maana mkishafika wodini na mipira kila mahali hata akili ya kuuliza haipo.

Cha kwanza ulizeni figo inatoka kwa nani. Ya mtu aliye hai mara nyingi inaanza kutoa mkojo palepale mezani, zinazochelewa ni chache. Ya aliyefariki ni habari nyingine, imekatiwa damu ikakaa kwenye baridi masaa mengi, halafu damu ikirudi vile vimirija vidogo vya ndani vinaumia na kuzimia kwa muda. Ikikaa sana kwenye barafu, au aliyeitoa akiwa na umri mkubwa, au moyo wake ulisimama kabla haijatolewa, uwezekano wa kuchelewa unapanda. Madaktari wanasema imechelewa pale mgonjwa anapohitaji dialisisi ndani ya siku 7 za kwanza, na kuamka kwake ni siku kadhaa mpaka wiki kadhaa.

Kwa hiyo msiage kule mnakosafishia damu, waambieni mnaweza kurudi. Mkono wenye fistula, ule mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine, ulindwe vilevile, mtu asipime presha wala kutoa damu hapo hata kama ni nesi mgeni ana haraka, semeni tu kwa upole mkono ule mwingine tafadhali.

Hili la mkojo wengi hawalijui. Figo za zamani kwa kawaida hazitolewi, mpya inawekwa chini ya tumbo pembeni, sasa kama mgonjwa alikuwa bado anakojoa kidogo kabla, mkojo utakaouona baada ya upasuaji unaweza kuwa wa zile za zamani na mkashangilia bure. Pimeni kabla, kwa siku anatoa kiasi gani, mwandike, mpeleke kwa daktari. Na kreatinini, ule uchafu wa kwenye damu ambao figo huutoa, nayo ikishuka siku ya dialisisi msiihesabu, mashine ndo imeiosha, angalieni inavyokwenda katikati ya siku za mashine. Kaka alikaa siku 11 chupa ya mkojo ikiwa karibu tupu na sisi tunaitazama tu.

Maji jamani. Mtasikia aliyepandikizwa anywe maji mengi, ni kweli kwa ambaye figo imeshaamka, ila kama bado imelala maji yanaishia miguuni na kwenye mapafu, na potasiamu, chumvi ya kwenye damu ambayo figo iliyolala haiitoi, nayo inapanda na inaweza kusimamisha moyo. Kila asubuhi mpimeni uzito, mumuulize daktari leo anywe kiasi gani.

Dawa za kuzuia mwili kuikataa figo zinamezwa hata kama figo haifanyi kitu, asije mtu akasema za nini sasa. Siku ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu anakwenda hajameza ya asubuhi, anaibeba, anameza akishatolewa damu. Mwili unaweza kuanza kuikataa figo ikiwa bado imelala na usione dalili yoyote, ndo maana wanapiga altrasaundi kuangalia damu kama inapita na baadae wanachukua kinyama cha figo kwa sindano wakakipime, msiogope wala kukataa, ila semeni mapema kama anatumia aspirini au dawa ya kuyeyusha damu. Na kama mkojo ulikuwa unatoka vizuri ukakata ghafla, hapo msisubiri asubuhi, iteni mtu saa hiyohiyo, inaweza kuwa mpira wa mkojo umeziba au damu imeganda kwenye mshipa.

Siwezi kuficha, zipo zinazolala zisiamke kabisa, ni chache lakini zipo, na zilizochelewa zina hatari zaidi ya kukataliwa kwahiyo kliniki hazirukwi.

La mwisho ni watu. Pangeni wa kukaa nae kwa zamu zaidi ya siku mlizoambiwa, na mchague mmoja tu wa kujibu simu za ndugu, huyo aelezwe vizuri kabla, ili siku mgonjwa akirudishwa kwenye mashine awe na jibu la kuwapa.