Jinsi ya kumrudisha konyeza Turritopsis dohrnii kwenye hatua ya polipu

Turritopsis dohrnii ni konyeza anayepatikana Bahari ya Mediteranea. Kengele yake, yaani mwili wake wenye umbo la mwavuli, haifiki milimita 5, na tumbo jekundu huonekana ndani. Akijeruhiwa au akikosa chakula, seli zake zilizokwisha kukomaa hubadili kazi na mwili wote hurudi kuwa polipu, yaani hatua ya utotoni ya konyeza, inayonata chini badala ya kuogelea. Mwanabiolojia Piraino na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1996.

Kazi kubwa iko kwenye kuchagua mnyama. Jike aliyekomaa hubeba mayai na mabuu kuzunguka tumbo. Buu likidondoka kisahanini litaota polipu kwa njia ya kawaida, nawe utadhani konyeza amerudi utotoni. Chukua wachanga waliotoka kuchipuka, wenye minyiri 8, na kila mmoja akae kisahani chake cha kioo.

Tumia maji ya bahari yaliyochujwa, joto la nyuzi 22 hivi. Jiwe la hewa (kifaa cha kupuliza hewa majini) usiweke kabisa, maana povu huingia chini ya kengele na kumwinua juu. Mlishe artemia (kamba wadogo sana wa maji ya chumvi) waliototolewa siku hiyohiyo. Artemia wakiwa wakubwa mno, wakate kwa sindano mbili chini ya hadubini. Masalio yatoe baada ya saa chache.

Sasa acha kumlisha, au mtoboe kengele mara chache kwa sindano nyembamba. Njaa huchelewa, lakini ni salama zaidi. Kubadili joto au kupunguza chumvi ghafla pia hufanya kazi, ila ukizidisha unaua.

Ataacha kuogelea na kuzama, kengele itanywea, minyiri itafyonzwa, kisha atabaki kidonge kidogo. Kwa kawaida ni siku 1 hadi 3. Kidonge hujivika gamba jembamba, hunata chini na kutoa mizizi, na siku chache baadaye polipu husimama. Usikiguse; badilisha nusu ya maji tu, ukifyonza kutoka juu. Kikigeuka vipande vyeupe vinavyoelea, bakteria wamekishinda, na mara nyingi chanzo ni chakula kilichobaki.

Polipu akishatoa minyiri, anza kumlisha tena. Atachipua konyeza wapya wenye jeni zilezile. Mwanasayansi Shin Kubota, huko Shirahama, Japani, aliona konyeza wa jenasi hii wakirudi hivyo mara 10 ndani ya miaka miwili.

Piga picha kila baada ya saa 6, usiku pia. Bila picha ya hatua ya kidonge huna ushahidi.