Asilimia 26 ya nini? Namna ya kusoma habari za kukoma hedhi

Nilikuwa na miaka 49. Usiku huo nilikuwa nimeamka mara ya tatu, shuka limelowa jasho, nikashika simu na kusoma kwamba tiba ya homoni, inayotuliza dalili za kukoma hedhi, huongeza saratani ya matiti kwa asilimia 26. Nikaelewa kwamba katika kila wanawake mia, 26 wataugua. Nikaapa siigusi tiba hiyo, nikavumilia miezi minane bila usingizi. Kazi yangu ni kutunza hesabu. Mtu akiniletea asilimia mezani, swali langu la kwanza huwa: asilimia ya kiasi gani? Usiku ule sikuuliza.

Wewe uliza. Ukiona asilimia, tafuta idadi ya watu nyuma yake. Ile 26 inatoka kwenye utafiti wa Women's Health Initiative wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2002. Kati ya wanawake 10,000 waliomeza estrojeni pamoja na projestini (homoni mbili za tiba hiyo), walioonekana na saratani ya matiti kwa mwaka walikuwa 38. Kati ya waliomeza vidonge visivyo na dawa, walikuwa 30. Ongezeko ni wanawake wanane katika elfu kumi. Hao wanane ni watu, siwadharau hata kidogo, ila uamuzi unaofanywa kwa kuwajua wanane si ule unaofanywa kwa hofu ya 26 katika mia.

Kisha uliza waliochunguzwa ni akina nani. Walikuwa na umri wa miaka 50 hadi 79, wastani 63. Wengi hedhi ilikuwa imekoma zamani. Uliza pia ni homoni gani. Katika utafiti huohuo, wanawake waliokwisha kutolewa kizazi walipewa estrojeni peke yake, na kwao saratani ya matiti haikuongezeka. (Mwenye kizazi hapewi estrojeni pekee, kwa sababu hunenepesha utando wa ndani wa kizazi na inaweza kuzaa saratani humo.) Tena kidonge si sawa na kibandiko: estrojeni inayopitia kwenye ngozi, kwa dozi za kawaida, haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama ile ya kumeza. Kwa hiyo makala inayosema "homoni" tu, bila kutaja ipi, kwa nani na kwa njia gani, mimi siimalizi.

Angalia tarehe. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilitoa mwongozo wa kukoma hedhi mwaka 2015 na kuuhuisha Novemba 2024. Anzia kwa watu wa namna hiyo: Shirika la Afya Duniani kwa mambo ya msingi, International Menopause Society (chama cha kimataifa cha wataalamu wa kukoma hedhi), na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, ambao muhtasari wao huandikwa kwa lugha nyepesi. Kwa Kiswahili jaribu kutafuta "kukoma hedhi", "ukomo wa hedhi" na "komahedhi", maana kila mwandishi ana neno lake.

Halafu tazama kama anayekuelimisha anakuuzia kitu. Mahali fulani niliuziwa kipimo cha mate cha kupima homoni, na majibu yake yalikuja na orodha ya dawa zao wenyewe. Baadaye nikasoma kwamba mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili za kawaida kwa kawaida hahitaji hata kipimo cha damu, kwa kuwa homoni hupanda na kushuka kutwa kucha katika kipindi hicho. Nilikasirika, na bado nina hasira.

Ukishasoma, andika yako kwenye daftari: hedhi ya mwisho, joto la ghafla mara ngapi kwa siku, usingizi, shinikizo la damu, nani katika ukoo aliugua saratani ya matiti au damu kuganda. Nenda nalo kwa daktari. Miongozo inasema faida za tiba ya homoni huzidi hatari kwa wengi walio chini ya miaka 60, au ambao hedhi yao imekoma ndani ya miaka 10, ikiwa hawana kizuizi, yaani hali ya kiafya inayoifanya tiba isiwafae. Kizuizi hicho ndicho daktari atakachokitafuta kwenye daftari lako.

Jambo moja usilitafute kwenye simu: ukitokwa damu baada ya miezi 12 bila hedhi, nenda ukapimwe wiki hiyohiyo.